Jibu: Serikali ikiamua, inaweza kutuzimia AI?

Mkuu umeuliza kama serikali inaweza kuzima hizi AI na kama kuna pa kukimbilia. Inaweza, tena kirahisi. Italia walifanya 2023, mamlaka yao ya kulinda data binafsi ilitoa amri mwisho wa mwezi wa tatu, OpenAI (kampuni yenye ChatGPT) wakaifunga ChatGPT huko, ikarudi kama mwezi mmoja baadae baada ya kurekebisha mambo ya faragha na umri. Ila hiyo ni serikali yako, angalau unajua pa kulalamika. Mi naona noma zaidi ni kampuni yenye AI ikikufungia ikiwa kwao nje, maana kama umejenga programu yako juu ya AI yao, inaita seva (kompyuta) yao ya nje kila mtu akiuliza swali, siku wakikata ufunguo wako (namba ya siri ya kuingilia huko) unabaki na error kwenye skrini na wateja wanapiga simu. China yaliwakuta 2024, OpenAI walibana API (njia ya programu kuunganishwa na AI yao) kwa nchi zisizo kwenye orodha yao. Chipu zinazoendesha AI ndo usiseme, zile kali za Nvidia, kampuni ya Marekani, serikali ya Marekani ilianza kuzuia zisiende China 2022.

Pa kukimbilia papo, shusha modeli (AI yenyewe kama faili) zilizoachiwa wazi, mfano Llama, Qwen, DeepSeek, ukishaiweka kwenye mashine yako hata intaneti ikikatwa inajibu. Ndogo zinaenda kwenye laptop yenye RAM ya GB 16, japo polepole, kubwa zinataka GPU (chipu za kukokotoa AI) za bei mbaya, na hizo GPU (hapa ndo nacheka) mara nyingi ni hao hao Nvidia. Yaani utegemezi umehamia tu kwenye vyuma, ila chuma ukishakilipia ni chako.