Maswali na majibu: Kizibao cha kupoza mwili ukiwa kwenye pikipiki

Msimu wa joto ukikolea, maswali kuhusu vizibao vya kupoza mwili huongezeka, na mengi huanza na jina la bidhaa. Naomba tuanze na hewa, kwa sababu ndiyo inayoamua kizibao kipi kitakufaa na kipi kitakuwa mzigo tu kifuani.

Nimenunua kizibao cha kulowesha maji. Rafiki yangu anayeishi sehemu kavu anakisifia sana, lakini mimi niko karibu na bahari na nikikivaa najisikia nimeviringishiwa taulo la moto. Nimeuziwa kibovu?

Huenda ni kizima kabisa. Kizibao cha kulowesha hakina ubaridi wake chenyewe. Kinafanya kazi kama jasho: maji yanageuka mvuke, na yakigeuka yanaondoka na joto. Kilo 1 ya maji ikikauka hivyo huchukua kilojuli 2,400 hivi, wakati kilo 1 ya barafu ikiyeyuka huchukua 334 tu. Ndiyo maana kitambaa chepesi kilicholowa kinaweza kushinda mzigo wa barafu. Lakini hewa ikiwa imeshashiba unyevu, maji hayana pa kwenda. Unabaki umevaa maji ya vuguvugu ambayo yanazuia hata jasho lako lisikauke.

Kuna kipimo unachoweza kufanya nyumbani kabla ya kutoa pesa. Chukua kipimajoto cha kawaida cha kupimia hewa, si kile cha homa, zungushia ncha yake kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa, kisha kipepee kivulini mpaka namba iache kushuka. Namba hiyo ndiyo kikomo. Hakuna kizibao cha maji kitakachopoa chini ya hapo, hata kiwe cha bei gani. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 20 itakupa nyuzi 23 hivi. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 80 itakupa 29, ingawa ukisoma utabiri wa hali ya hewa utadhani hiyo ya pili ndiyo nafuu. Ngozi ya mtu aliye juani huwa karibu nyuzi 35. Pengo la nyuzi 12 utalisikia mara moja. Pengo la nyuzi 6, tena chini ya jaketi, ni dogo mno. Mimi kipimo hicho kikigoma kushuka chini ya 26, sipendekezi kizibao cha maji. Natafuta cha aina nyingine.

Hiyo aina nyingine ni ipi? Nabeba abiria mjini, muda mwingi niko kwenye foleni na upepo hakuna.

Kwa foleni ninakushauri kizibao cha vifuko. Ndani yake kuna mifuko inayobeba vifuko vya nta maalumu au mchanganyiko wa chumvi unaoganda kwenye joto lililopangwa, nyuzi 14 au 21 kwa mfano, badala ya 0 kama maji. Ule ugumu unapolainika polepole unafyonza joto la kifua na mgongo, na haujali kama hewa ni kavu au ya pwani, wala kama pikipiki inakwenda au imesimama.

Gharama yake ni uzito, kilo 2 au zaidi, na muda. Tegemea saa 2 hivi, kutegemea ukali wa joto na wingi wa vifuko. Vikishayeyuka vyote, kilichobaki mwilini ni koti jingine la kukuongezea joto, kwa hiyo kivue. Basi kabla ya kununua jiulize utavigandisha wapi mchana. Vifuko vya nyuzi 14 au 21 vina uzuri huu kwamba havihitaji friza. Ndoo ya maji yenye barafu inatosha. Dereva mwenye seti mbili na kasha la kutunzia baridi atapata nafuu siku nzima kwa kubadilishana. Asiye na pa kuvigandisha asivinunue.

Kwa nini nisitie tu barafu kutoka kwenye friza kwenye mifuko ya jaketi?

Barafu ya nyuzi 0 ikigusa ngozi muda mrefu inaiumiza, na kabla ya kuiumiza inafanya mishipa midogo ya damu isinyae. Damu ndiyo inayoleta joto la ndani nje ya mwili. Ukiibana, ngozi inapoa huku ndani kukibaki na moto wake. Ukilazimika, iweke juu ya nguo nzito, kamwe si kwenye ngozi tupu.

Joto likifika nyuzi 40 mimi huvua jaketi na kuendesha na fulana. Upepo unanitosha. Kizibao cha nini?

Hapa nitasema kwa kirefu, maana ndilo kosa ninaloliona barabarani kila msimu na linaumiza watu.

Upepo unakupoza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa joto la ngozi moja kwa moja, na hiyo inawezekana tu kama upepo ni baridi kuliko ngozi. Hewa ikipita nyuzi 35 au 36, mambo yanageuka: sasa upepo ndio unaokuletea joto, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyoletewa zaidi. Njia ya pili ni kukausha jasho. Hiyo inaendelea kufanya kazi, lakini kwenye kasi ya barabara kuu jasho linakauka kabla hujalihisi. Unajiona mkavu, unadhani uko salama, kumbe unapoteza lita 1 ya maji kwa saa au hata zaidi. Ukija kusikia kiu umeshachelewa, na kichwa kinachoamua wakati wa kufunga breki ndicho kinachoanza kulegea.

Jaketi lililofunguliwa matundu kiasi, lenye kizibao kilicholowa chini yake, linapunguza kasi ya hewa ya moto na kukupa maji ya kukauka yasiyotoka mwilini mwako. Nusu lita ikikauka ndani ya saa 1 ni sawa na kuondoa joto la wati 330 hivi. Sehemu ya joto hilo inatoka kwenye hewa yenyewe badala ya mwilini, sawa, lakini mtu aliyekaa anatoa wati 100 na kitu, kwa hiyo nafasi ya faida ni kubwa. Na zaidi ya hayo yote, ukianguka na fulana lami itakuchuna. Tafadhali, jaketi lisivuliwe.

Nivae juu ya jaketi au ndani? Changu kinakauka baada ya nusu saa tu.

Ndani, juu ya fulana nyembamba inayobana. Ukikivaa nje, upepo unakausha maji upesi na ubaridi wote unaishia hewani. Kati yake na ngozi yako kuna jaketi zima. Hata ndani, kama jaketi lako ni la wavu mtupu, kitakauka haraka. Funga baadhi ya matundu ya kifuani na uache ya mikononi na mgongoni wazi, ili hewa ipite polepole. Kwa safari ndefu hilo peke yake linaweza kubadilisha nusu saa kuwa saa nzima na zaidi.

Kulowesha nako kuna namna yake. Kizamishe dakika 1 au 2, kikandamize kwa viganja viwili bila kukisokota, halafu kiguse kwenye mshono wa chini: kikidondosha matone, bado. Kikiwa tayari, kitambaa ni kizito na baridi lakini kiganja kinatoka na unyevunyevu tu. Kinachochuruzika kinalowesha suruali na kiti, na maji hayo hayapozi chochote. Vipo pia vya kujazwa maji ndani kupitia tundu dogo, ambavyo upande wa mwilini hubaki mkavu. Ni ghali kidogo, ila kwa anayefika kazini akikutana na watu, navipenda.

Nina kizibao cha mfuko wa hewa, kile kinachofura nikianguka. Naweza kuvaa vyote viwili?

Unaweza, mradi cha kupoza kiwe ndani kabisa na kiwe chembamba. Mfuko ukifura unahitaji nafasi; ukiubana na vifuko vinene, utakukandamiza mbavu. Soma maelezo ya mtengenezaji kuhusu nafasi inayotakiwa, uvae vyote, funga zipu, kisha vuta pumzi ndefu. Ukibanwa, punguza. Padi za bega na mgongo nazo zikae palepale zilipokuwa.

Saizi: kiguse mwili pande zote. Kizibao kinachopwaya kinapoza hewa.

Kitambaa cha kulowesha shingoni hakitoshi?

Kinasaidia, na ni rahisi. Lakini shingo ikipoa ubongo unajisikia vizuri haraka kuliko mwili ulivyopoa kweli. Utaendesha mbali zaidi kuliko unavyostahili. Kitumie pamoja na kizibao, na ratiba ya kusimama iwe ya saa mkononi badala ya unavyojisikia.

Kizibao changu kinanuka.

Kimehifadhiwa kibichi. Kioshe kwa mkono na sabuni laini, bila dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba nyuzi zinazonyonya maji, kisha kianike kivulini mpaka kikauke kabisa ndani na nje. Vyenye chembechembe zinazofura kwa maji huchukua siku kadhaa.

Wiki iliyopita nilikuwa nimevaa kizibao na bado nikaumwa kichwa, nikasikia kichefuchefu na misuli ya paja ikakaza. Nilimaliza safari hivyohivyo.

Ndugu yangu, usirudie. Hizo ni dalili za mwili kushindwa na joto, na hakuna kizibao kinachokupa ruhusa ya kuzipuuza. Simama, ingia kivulini, vua kofia na jaketi, jimwagie maji, kunywa taratibu. Kwa kuzuia, kunywa glasi moja kila dakika 15 hadi 20 ukiwa kwenye joto kali, lakini usipite lita 1.4 hivi kwa saa, na ukitoka jasho kwa saa nyingi ongeza chumvi kupitia chakula.

Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na ni dharura ya hospitali. Piga simu ya msaada na uanze kumpoza papo hapo kwa maji mengi na kumpepea. Usimnyweshe kitu kama hajitambui vizuri.

Mke wangu hukaa nyuma. Nimnunulie kama changu?

Si lazima. Wewe unamkinga upepo, kwa hiyo cha maji kitakauka polepole zaidi kwake: kitadumu, lakini kitapoza kidogo. Kama hewa ya kwenu ni kavu, mpe cha maji na umfungulie matundu yote ya jaketi. Kama ni ya unyevu, yeye ndiye wa kwanza kupewa cha vifuko.