Jicho langu la kushoto lina mabosi wawili

Mkuu umeuliza kwa nini mkono ukiuambia nyanyuka unanyanyuka ila moyo ukiuambia tulia unakuchunia, na wadau hapo juu washakujibu kuna viungo vya hiari na visivyo vya hiari, yale yale tuliyokariri shule. Sawa, ila kuna viungo vina mabosi wawili, wewe na mwingine usiyemuona, na mimi hilo sikulijua mpaka 2019 uso wangu upande wa kushoto ulipogoma.

Niliamka nikapiga mswaki, kusukutua tu maji yakatoka yenyewe pembeni ya mdomo yakamwagikia singlendi. Nikasema usingizi huo. Nikaja kwenye chai, nayo ikachuruzika vile vile. Mke wangu akaniangalia weee, akasema baba Junia hebu cheka. Nikacheka. Akaanza kulia.

Mi naendesha bodaboda, kwa hiyo kijiweni hawakuwa na shaka, umepigwa na upepo wa usiku hukutaka kufunga kioo cha helmeti. Mama mdogo akasema ni jini. Jirani akasema kiharusi, na hilo ndo lililonitisha nikaenda hospitali siku ile ile. Dokta akaniambia kunja ndita. Kulia zikaja, kushoto paji limenyooka kama limepigwa pasi, eti akafurahi! Kumbe misuli ya paji la uso inapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi kikipiga upande mmoja mara nyingi paji linabaki linakunja, ila likilala na paji humo humo basi mara nyingi shida iko kwenye mshipa wa fahamu wenyewe unaotoka ubongoni kuja usoni, ule ambao madaktari wanauhesabu wa saba. Mshipa unavimba ndani ya kitundu chembamba cha mfupa nyuma ya sikio unajibana. Wanaita Belzi palsi, kutokana na Charles Bell, daktari wa Scotland wa miaka ya 1800 huko. Akanipa vidonge vya kupunguza uvimbe, prednisoloni, akasema nina bahati nimewahi, vinatakiwa vianze ndani ya masaa 72. (Ila jamani mkono au mguu ukilegea, au ulimi ukawa mzito, usijipime ndita nyumbani, kimbia hospitali.)

Sasa turudi kwenye swali lako. Jicho mkuu. Mtu mzima anapepesa kope kama mara 15 mpaka 20 kwa dakika na hajui, na ukitaka unapepesa kwa makusudi. Mimi vyote viwili vilikufa, kwa sababu huyo bosi wako na yule bosi mwingine wote wanatumia waya mmoja na waya ndo ulikatika. Ila kufungua jicho nilikuwa nafungua vizuri tu! Msuli wa kunyanyua kope unatumia mshipa mwingine kabisa, wa tatu. Nikawa nalala jicho liko wazi, nabandika plasta, naweka matone lisikauke, na mke wangu anasema nikijaribu kulifunga kile cheusi kinapanda juu kinabaki cheupe tupu, yani anageuka ukutani. Hilo la jicho kupanda juu wengi wetu tunalifanya tukifumba, ila kope inaficha.

Kingine, sikio la kushoto likawa linasikia kelele kupita kiasi, vijiko vinanigonga kichwani. Kuna kamsuli kadogo ndani ya sikio kanakobana mfupa sauti ikiwa kubwa, hakakuombi ruhusa na hukajui, nako kapo kwenye mshipa huo huo. Nimekajua siku kamegoma.

Na kinyume chake nimekiona kwa shangazi yangu, yeye alipata kiharusi kweli. Ukimwambia shangazi tabasamu, mdomo unaenda upande. Ila mjukuu akianguka matakoni shangazi anacheka mdomo wote, pande zote mbili, vizuri kabisa. Familia ikaanza kumsema anajifanya. Hajifanyi! Kicheko cha kuamriwa na kicheko kilichokutoka vinapita njia tofauti ubongoni, ya kwanza imeharibika ya pili ipo, hutokea kwa baadhi yao. Mimi nilikuwa sichekeshwi wala siamriwi, kwa kuwa waya wa mwisho ndo umekatika.

Kuhusu moyo, kwa amri ya moja kwa moja hapana. Ila pumzi nayo ina mabosi wawili, ukitoa pumzi taratibu mapigo yanapungua kidogo, kwa hiyo unaupata moyo kwa mlango wa uani. Mkojo pia, kilango cha ndani kinajiendesha, cha nje ni chako, na ndo maana unaweza kuvumilia mpaka ufike stendi.

Mimi nilianza kupata nafuu wiki ya nne hivi, mazoezi ya taratibu mbele ya kioo, bila kukaza. Wengi wanapona kabisa. Mimi nimepona kwa mtindo wa fundi umeme mlevi: nyuzi zikiota upya nyingine zinaingia njia isiyo yake, unabonyeza swichi ya sebuleni taa ya chooni ndo inawaka. Nikichongoa midomo kama napiga mluzi, jicho la kushoto linajifunga lenyewe. Nikijizuia nakaza zaidi linafunga zaidi. Wapo ambao wakila machozi yanatoka, mi sijafika huko namshukuru Mungu.

Shida ni chai ya moto. Kila nikipuliza namkonyeza aliye mbele yangu. Abiria mmoja alishuka hajamaliza hata kupatana bei. Mama ntilie wa kijiweni yeye siku ya kwanza alinyamaza, akaniwekea chapati ya pili, na mpaka leo sijamweleza habari za mshipa wa saba.