Catherine Morland alikosea: je, hicho ni kinaya?

Swali: Tunasoma Northanger Abbey ya Jane Austen. Catherine, binti wa miaka 17 aliyekolezwa na riwaya za kutisha, anamshuku Jenerali Tilney, baba wa Henry, kijana anayempenda, kuwa alimuua mkewe. Kumbe hakumuua. Mwalimu anasema hicho ni kinaya. Mimi naona ni kosa la mhusika tu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ukiishia hapo, ni wewe. Mtu kudhani hivi akakuta vile hakutoshi kuitwa kinaya, ingawa karatasi za mitihani zimejaa "ni kinaya kwamba" za namna hiyo. Lakini wewe umefunga kitabu mapema.

Anza na usiku wa dhoruba, Catherine akiwa mgeni nyumbani kwa Jenerali. Catherine anahangaika na kufuli la kabati jeusi, moyo unamdunda, mwishowe anatoa bunda la karatasi, na mshumaa unazimika. Kulipokucha anasoma: hesabu ya dobi. Mashati, soksi, vizibao. Tena kabati lenyewe huenda halikuwa limefungwa. Yeye ndiye aliyelifunga kwa kuzungusha ufunguo! Msomaji ananusa hayo mapema, maana Henry alishamtania njiani kwa hadithi ya kabati kama hilohilo. Sisi tunajua, yeye hajui: kinaya cha kidrama.

La Jenerali ni zito zaidi. Henry anapogundua shuku ile anamkaripia Catherine, akimkumbusha kwamba wao ni Waingereza, ni Wakristo. Binti analia kwa aibu, nasi tunamwona Henry ana busara. Baadaye, Henry akiwa hayupo, Jenerali anamfukuza Catherine nyumbani kwake: saa moja asubuhi, peke yake, bila hata mtumishi, safari ya maili 70. Kosa lake? Si tajiri kama John Thorpe, kijana mpenda majigambo, alivyomvumisha. Ndipo Catherine anapoona kwamba hakuwa amemsingizia mzee yule sana. Tukio alilikosea, tabia aliipatia, na hotuba ya Henry sasa inapwaya. Hicho ndicho kinaya cha hali, yaani mambo kugeuka kinyume cha yalivyotarajiwa, na kinamgusa hata msomaji aliyemcheka binti. Nadhani mwalimu wako alikilenga hicho, akakieleza kwa mkato.

Kuhusu mapenzi yenyewe, msimulizi anatuambia kwamba Henry alianza kumfikiria Catherine kwa dhati kwa sababu tu alitambua kuwa anapendwa. Kisha anajifanya kusikitika kwamba jambo hilo linamvunjia shujaa wa kike heshima. Hasikitiki hata kidogo. Anazisuta riwaya ambazo binti lazima asubiri apendwe kwanza. Hapo una kinaya cha usemi, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha, na binafsi ndicho ninachokipenda zaidi humo.

Kwenye insha yako, basi, usiandike "ni kinaya kwamba Catherine alikosea." Andika kwamba Catherine alikaripiwa kwa kumdhania mabaya mtu ambaye baadaye alimtendea mabaya, kisha nukuu sura ya kufukuzwa kwake.