Maswali ya Wasomaji: Utafiti Wetu, Majarida ya Wengine

SWALI: Mhariri, serikali za nchi zinazoendelea hugharimia utafiti, kisha vyuo vyao hulazimika kununua majarida ya nje ili kuusoma. Je, sera inaweza kubadili hali hii?

JIBU: Inaweza, mradi isiishie kwenye bajeti. Umoja wa Afrika ulithibitisha mwaka 2006 lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi bado hazijalifikia. Lakini hata fedha zikipatikana, daktari anayetafuta makala kuhusu wagonjwa wa hospitali yake mwenyewe anaweza kuona muhtasari tu, na chini yake kitufe cha kulipia kwa dola. Brazili ilichukua njia nyingine: mwaka 1997 mfuko wa umma wa utafiti wa jimbo la São Paulo ulishiriki kuanzisha SciELO, inayochapisha majarida mtandaoni yasomwe bure, yakiwemo ya Kireno na Kihispania. Fundo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kupandishwa vyeo: mhadhiri atakayepata alama chache kwa kuandika katika jarida la nyumbani ataendelea kupeleka kazi yake bora ng'ambo, na kanuni hizo wizara inaweza kuzirekebisha bila gharama kubwa.