Trekta la mtumba la kuvuta tela: uliza uzito na breki kabla ya hospawa

Ukienda kwa dalali wa matrekta, utaanza kutajiwa hospawa, kisha mwaka, kisha utaambiwa limepigwa rangi juzi. Kwa mtu anayetafuta trekta la kulima, hospawa si mahali pabaya pa kuanzia. Kwa anayetaka kubeba miwa, mchanga, tofali, magogo au maji, maswali ya kwanza ni mengine. Lina kilo ngapi? Breki zake zinashika namna gani? Injini ndiyo inayovuta, lakini kinacholifanya tairi ling'ate barabara na lisisukumwe na mzigo mteremkoni ni uzito.

Tupige hesabu. Tela na mzigo wake ni tani 10, trekta ni tani 3, jumla tani 13. Kwenye barabara ya moramu iliyokauka, kuzisogeza tu tani hizo kwenye tambarare kunataka nguvu ya kuvuta ya karibu asilimia 4 ya uzito wote. Ukikuta mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, ongeza asilimia 8. Hapo unahitaji mvuto wa kilo 1,560 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, hiyo ni karibu hospawa 57 kwenye matairi, na ukifidia zinazopotea kwenye gia boksi na difu, injini iwe ya 65 hadi 70.

Sasa angalia tairi. Trekta la tani 3 huweka takriban theluthi mbili ya uzito wake nyuma, yaani tani 2, na tela la ekseli moja likipakiwa vizuri linaweza kuongeza tani 1 kwenye drobaa, kile chuma cha nyuma ya trekta kinachofungiwa tela. Tairi likikanyagwa na tani 3 kwenye moramu kavu hung'ata kwa karibu nusu ya uzito huo, kilo 1,500 na kidogo. Kwa hiyo mlima huo utaupanda kwa shida. Mvua ikinyesha na njia ikawa tope, mng'ato hushuka hadi karibu asilimia 30, kilo 900, na tairi litasaga udongo hata ukifunga injini ya hospawa 120. Trekta dogo kama Massey Ferguson (MF) 240, lenye karibu tani 2, halipandi mlima huo na mzigo huo hata kiangazi. Ukilitia gia ya chini kabisa injini itakuwa na nguvu ya kutosha, ila tairi zitazunguka palepale.

Ndiyo maana kwa tela la tani 8 hadi 10 tunashauri usishuke chini ya trekta la tani 2.7 hivi lenye silinda nne. Katika mtumba, yanayostahili kutafutwa kwanza ni MF 290, lenye injini ya Perkins ya lita 4.1, pamoja na ndugu zake 265 na 275 kwa mizigo iliyopungua kidogo, MF 385, na Ford 6610 ya lita 4.4. MF 135 na 240, zenye Perkins ya silinda tatu, waachie tela la tani 3 au 4 kwenye tambarare. Upande wa spea Massey ina faida kubwa, kwa sababu baadhi ya modeli hizi zimeendelea kuundwa Pakistan na India miaka mingi baada ya Uingereza. Kabla ya kununua trekta la jina lisilozoeleka kwa sababu ya bei nafuu, ingia duka la spea la mji wako uulizie vitu vitatu: sahani ya klachi, sili za ekseli ya nyuma na pampu ya haidroliki. Ukiambiwa viagizwe, unafuu huo hesabu kuwa umeshaondoka.

Breki ndizo zinazoua watu, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Kanuni inayotumika sana kwa tela lisilo na breki zake ni kwamba tela na mzigo visizidi mara moja na nusu ya uzito wa trekta. Trekta la tani 3 likomee tani 4.5. Zaidi ya hapo tela liwe na breki, na trekta liwe na valvu ya kuziendesha. Tela zito lisilo na breki likishuka mlima linasukuma trekta kwa nyuma. Dereva akikanyaga breki huku trekta limekaa upande kidogo, drobaa inajikunja na trekta linageuzwa ubavu kabla hajapata nafasi ya kufanya lolote.

Trekta lina pedali mbili za breki, moja kwa kila tairi la nyuma, na kipo kichuma cha kuziunganisha. Kwenye mtumba kichuma hicho mara nyingi kimeshapotea. Hakikisha kipo na kinashika, maana barabarani ukikanyaga pedali moja na tela nyuma, umejigeuza mwenyewe. Kisha jaribu kwenye uwanja mkavu: mwendo wa kilomita 15 kwa saa, pedali zimeunganishwa, kanyaga kwa nguvu. Alama za matairi mawili zitoshane urefu. Upande mmoja ukiwa hafifu kwenye trekta lenye breki kavu za ngoma, kama MF 135, chungulia ndani ya rimu. Ukiona weusi unaong'aa wa oili, sili ya ekseli imechoka na oili imelowesha bitana za breki. Kubadilisha bitana bila kubadilisha sili ni kutupa pesa.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na madereva wengi hawalijui, ni Multi-Power ya Massey. Ni kiwiko kidogo kinachobadilisha mwendo wa juu na wa chini bila klachi, na utakikuta kwenye matoleo ya gia 12. Kikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haizuii trekta mteremkoni. Linateleza huru kama liko nyutro, hata uwe gia ya kwanza. Dereva anayedhani gia ndogo itamshikilia anashuka na tani 10 akiwa na breki za miguu tu. Sheria ni moja: kabla ya kuanza kushuka, kiwiko kiwe kwenye mwendo wa juu, kisha chagua gia kuu ndogo. Kwa kazi ya tela, toleo la gia 8 lisilo na Multi-Power tunaliona bora, na mara nyingi ni nafuu kulitengeneza.

Ukaguzi wenyewe uanze injini ikiwa baridi. Mwombe muuzaji mapema asiiwashe, na ukifika gusa bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, huenda inaficha tabu ya kuwaka. Fungua kifuniko cha rejeta: utando wa oili juu ya maji, au oili ya rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, ni gasketi ya silinda hedi au kibaya zaidi. Kwa injini za Ford za silinda nne za miaka ya 1970 na 1980, angalia hapa mara mbili. Silinda zake zimetobolewa moja kwa moja kwenye bloku, hazina silivu (bomba la ndani linalobadilishika), na maji ya rejeta yasiyo na dawa ya kuzuia kutu hula ukuta hadi yapenye ndani. Hapo hubadilishi silivu; bloku inachongwa na kupachikwa silivu, au inatafutwa nyingine.

Ikishawaka, moshi mweupe unaokwisha dakika chache si tatizo. Wa buluu usiokwisha ni ringi au gaidi za valvu, na mweusi mzito chini ya mzigo ni noze, pampu ya dizeli au chujio la hewa lililoziba. Toa kofia ya kujazia oili injini ikiwa imepata moto: mvuke kidogo ni kawaida, lakini hewa ikipuliza kwa mapigo, pistoni na ringi zimekwisha. Taa ya oili ikimeta injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, fikiria beringi za krankshafti.

Klachi ipime hivi: vuta hendibreki, weka gia kubwa kabisa, ongeza mafuta kidogo, achia pedali polepole. Injini lazima izime. Ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza, na kuibadilisha ni lazima trekta litenganishwe injini na gia boksi. Massey nyingi zina klachi mbili kwenye pedali moja, ya mwendo na ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine), kwa hiyo uliza bei ya seti nzima.

Kwenye drobaa, chomoa pini uangalie tundu lake. Likiwa limekuwa yai, limevutwa mizigo mingi na huku mbele kutakuwa na uchovu pia. Kagua bolti zinazoshikilia fremu ya drobaa chini ya gia boksi, pamoja na nyufa zilizochomelewa na kufichwa kwa rangi. Tela lisifungwe kamwe kwenye toplinki, ule mkono wa juu wa kushikia zana, wala juu ya ekseli. Mvuto ukitoka juu, trekta huinua pua na kupinduka kinyumenyume juu ya dereva.

Kama tela ni la kumwaga, kumbuka kwamba Massey hizi hutumia oili ileile ya gia boksi kuinua tela. Pima kijiti tela likiwa limeinuliwa. Oili ikishuka chini ya alama, gia zinakauka kila unapomwaga.

Matairi usiyadharau. Jozi ya 18.4-30 mpya ni pesa nyingi, na lami hula meno haraka. Ukihitaji uzito zaidi nyuma, jaza maji robo tatu ya tairi, valvu ikiwa juu kabisa. Kwa saizi hiyo utaongeza lita 250 hadi 300 kila upande. Mbele nako kubaki angalau asilimia 20 ya uzito, la sivyo usukani unakuwa mwepesi mlimani na trekta halifuati.

Jaribio la mwisho ni kuvuta tela lenye mzigo, kwenye mlima halisi, kupanda na kushuka. Ukishuka, shika kiwiko cha gia bila kukibana usikie kama kinataka kuruka. Gia inayoruka mteremkoni ni sababu tosha ya kuondoka. Muuzaji akikataa jaribio hili, nunua kwingine.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya injini na chesisi na zilizo kwenye kadi, kisha thibitisha kwa TRA (mamlaka ya mapato) ukiwa Tanzania au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ukiwa Kenya. Tela nalo lina namba yake na kadi yake. Bakiza kama robo ya bei ya trekta kwa matengenezo ya mwanzo: oili zote, machujio, sili za ekseli, bitana za breki na pini mpya ya drobaa yenye kizuizi chake, vyote vifungwe kabla ya mzigo wa kwanza.