Floti kwenye asembli: vunja namba moja kwa mkono kwanza

Watu wengi wakianza asembli (lugha ya kumpa prosesa amri moja moja) wanaenda fresh tu mpaka wakutane na desimali, hapo ndo utaona mtu kaweka 6 kwenye memori, akiisoma kama floti (namba yenye desimali) anapata 8.4e-45, yaani karibu sifuri kabisa, na anaanza kulaumu mashine. Kwa anayeanza nina ushauri mmoja, kabla hujagusa amri yoyote ya floti chukua karatasi uvunje namba moja hadi iwe heksi (namba za msingi wa 16).

Tuseme 6.5. Ile e unayoiona kwenye namba kama 6.5e2 ni mara kumi kipeo cha 2, yaani 650, hiyo tumeisoma sekondari. Kompyuta inafanya hivyohivyo ila inatumia mbili badala ya kumi. 6.5 kwa mfumo wa mbili ni 110.1, sogeza nukta hatua mbili kushoto unapata 1.101 mara mbili kipeo cha 2, na hapo kazi ngumu imeisha. Biti ya kwanza ni alama, chanya ni 0. Biti 8 zinazofuata ni kipeo, ila unakijumlishia 127 kwanza (ndo ujanja wa kuhifadhi vipeo hasi), kwa hiyo 2 inakuwa 129, yaani 10000001. Biti 23 zilizobaki unaandika 101 halafu sifuri tupu, ile 1 ya kabla ya nukta haiandikwi, inajulikana ipo. Zikate biti zote 32 nne nne, kila kundi ni tarakimu moja ya heksi, unapata 40D00000. Huo ndo utaratibu wa IEEE 754 wa mwaka 1985 na prosesa karibu zote zinaufuata.

Sasa rudi kwa yule wa 6. NASM (programu inayogeuza asembli kuwa lugha ya mashine) inatofautisha kwa nukta tu, ukiweka data ya biti 32 kwa dd, dd 6.0 ni floti, dd 6 ni namba nzima, kwa hiyo kwenye memori kuna 00000006 na movss (amri ya kubeba floti) inazibeba hizo biti bila kuuliza, kipeo chake ni sifuri zote ndo maana kinatoka kinamba kidogo hivyo. Prosesa haijui aina ya data, wewe ndo unatakiwa ukumbuke. Ukitaka kugeuza namba nzima iwe floti ipo amri ya cvtsi2ss, usiisahau.

Kwenye GDB (programu ya kuchungulia programu yako inapoendeshwa) zoea kuangalia anwani moja ya memori mara mbili, x/wx inayoonyesha heksi halafu x/wf inayoonyesha floti. Jaribu na 0.1, utaona 3DCCCCCD, zile C zilitakiwa ziendelee bila mwisho ila nafasi imeisha ikabidi ya mwisho ikadiriwe juu kuwa D, hapo huhitaji tena kuelezwa kwa nini 0.1 haikai sawasawa.

Vingine viwili vinavyosumbua sana, ukilinganisha floti kwa amri ya ucomiss, kwenye kuruka (ikiwa kubwa au ndogo) tumia ja na jb, sio jg na jl. Na printf (ya kuchapisha kwenye skrini) kwenye Linux ya biti 64 inataka dabo, yaani floti ya biti 64, kwa hiyo igeuze kwa cvtss2sd kwanza na uweke 1 kwenye rejista ya al.

Hela usiweke kwenye floti ya biti 32 jamani. Shilingi 16,777,216 ukijumlisha 1 inabaki 16,777,216 ileile, biti zimeisha, na kwa shilingi za Tanzania hata duka la kawaida la jumla linafika hapo, tumia namba nzima tu.