Bwana Msa ni wa Muhammed Said Abdulla
Wapo wanaosema Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, ni wa mwandishi Elvis Musiba. Hapana, si wake. Musiba ndiye wa Willy Gamba, jasusi wa bastola. Bwana Msa ni wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari. Riwaya yake ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, ikachapishwa 1960. Bwana Msa na kiko mdomoni, mwenzake Najum pembeni: hapo kweli kuna harufu ya Sherlock Holmes. Lakini Kiswahili ni cha Unguja hasa, na ndicho kinachonirudisha kila mwaka. Watu wanabishana na kutaniana, unacheka, kumbe ushahidi umeshapita mbele ya macho yako. Nakala yangu imetoka jalada kwa kuazimwa.